Matairi mapya kwanza au alaimenti kwanza? Ulinganisho kwa mwenye Fielder Nairobi

Msafiri wa Kangundo Road

Wanajukwaa, hamjambo. Ninaomba tulinganishe njia mbili, kwa maana nimepewa ushauri unaopingana na sijui nifuate upi. Nina Toyota Fielder inayotumia matairi ya 195/65R15. Matairi mawili ya mbele yameliwa upande wa ndani kiasi kwamba vile vinundu vya mpira vilivyo ndani ya mifereji sasa vimelingana na uso wa tairi, ilhali upande wa nje meno bado yapo. Ya nyuma yamefika nusu, na yameisha sawasawa. Tangu mvua za masika zilipotuachia mashimo, gari linavuta kushoto, na nikienda moja kwa moja usukani hukaa umeinama.

Duka moja la matairi kule Industrial Area liliniambia kwamba alaimenti (kunyoosha mwelekeo wa magurudumu kwa mashine) juu ya matairi mabovu ni pesa za bure, hivyo ninunue matairi kwanza. Gereji ya karibu na nyumbani nayo ikashikilia kwamba alaimenti ndiyo itangulie, kwa sababu matairi mapya yakifungwa kwenye gari lililopinda yataliwa vilevile. Nimeona kwamba kila mmoja anapendekeza kile anachouza. Ipo pia njia ya tatu, ya kununua mawili tu badala ya manne. Ninyi mngeanzia wapi?

Fundi wa Grogan

Ndugu Msafiri, wote wawili wamekwambia nusu ya ukweli. Mashine ya alaimenti haipimi tairi. Vishikio vyake hufungwa kwenye rimu, kamera zikasoma mwelekeo wa rimu hizo, kisha gari husukumwa kidogo mbele na nyuma ili mashine iondoe hesabu ya rimu iliyoumia. Kwa hiyo matairi yaliyoisha sawasawa, hata yakikaribia kuwa vipara, hayabadilishi vipimo kwa kiasi cha kuogopwa. Kinachovuruga vipimo ni tofauti baina ya kushoto na kulia, kama vile tairi jipya upande mmoja na kipara upande mwingine, saizi zisizofanana, au upepo usiolingana. Upepo ujazwe kwa kufuata kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na upimwe matairi yakiwa baridi, si baada ya kukimbia Outer Ring Road mchana.

Hata hivyo, duka halikukosea lilipotaja matairi kwanza, ingawa sababu waliyokupa siyo. Tairi lililoliwa upande mmoja limekwisha kuchukua umbo la mteremko. Unaweza kunyoosha magurudumu yakanyooka kabisa kwenye mashine, lakini ukitoka nje ya lango gari likaendelea kuvuta, kwa kuwa sasa linalovuta ni tairi lenyewe. Mteja hurudi analalamika, fundi asiye na subira hugeuza tairodi (fimbo inayounganisha usukani na gurudumu) kidogo ili gari lionekane limenyooka, na hapo vipimo vilivyokuwa sahihi vinaharibiwa ili kuficha kosa la tairi. Matairi mapya yakija baadaye, gari huanza kuvuta upande wa pili.

Pitisha kiganja juu ya meno ya tairi kutoka nje kwenda ndani, halafu ukirudishe kutoka ndani kwenda nje. Ukisikia laini unapokwenda na makali ya kukwaruza unaporudi, ujue tairi limekuwa likiburutwa kando kwa muda mrefu, na tairi hilo litaendelea kuvuma hata baada ya alaimenti.

Lakini kabla ya tairi na kabla ya mashine, inua gari kwa jeki. Shika gurudumu la mbele juu na chini ulitikise. Likicheza, tazama boli joini (kiungo cha duara kinachoshikilia gurudumu) na beringi. Lishike kushoto na kulia. Likicheza, tazama tairodi na raki ya usukani. Bushi (vipande vya mpira) za mkono wa chini, yaani chuma kinachoshikilia gurudumu kutoka chini, hazijitokezi kwa kutikisa, zinataka taa na mtaimbo, na ukiona mpira umepasuka, jua kwamba gurudumu husogea kila unapokanyaga breki. Gari kama hilo hupimwa likiwa limesimama, likatoa namba nzuri, kisha barabarani linafanya jambo jingine. Fundi anayepandisha gari kwenye mashine bila kutikisa hata gurudumu moja anakuuzia karatasi.

Mpangilio wangu ni viungo, kisha matairi, kisha balansi (kusawazisha uzito wa magurudumu), na alaimenti mwisho. Matairi na alaimenti vifanyike siku moja ikiwezekana.

Teksi ya Usiku

Fundi amesema vizuri, lakini amezungumza kana kwamba kila mtu ana shilingi elfu arobaini za matairi manne mfukoni. Sisi tunaokula kwa gari hatupangi hivyo. Ikiwa Msafiri hawezi kununua matairi hadi mwisho wa mwezi, akae akingoja huku yale yaliyobaki yakiendelea kuliwa? Ada ya alaimenti ni sehemu ndogo ya bei ya tairi moja. Mimi ningerekebisha sasa ili kuokoa kilichobaki, kisha nikaangalie tena vipimo nitakapofunga mapya.

Ningeweza pia kuhamisha yale ya nyuma yaje mbele, na nyuma nikafunga mawili ya mtumba kutoka Kirinyaga Road. Ukichagua ya mtumba, soma tarakimu nne za mwisho za ile namba inayoanza kwa herufi DOT ubavuni. Mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, kwa hiyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Meno mazuri juu ya mpira mzee uliopasukapasuka ubavuni hayana maana.

Mwalimu wa Hesabu

Naomba niongeze namba kidogo, kwa sababu maneno kama “gari limepinda kidogo” hayatusaidii kuamua.

Gurudumu ambalo mwelekeo wake umekosea kwa digrii 0.1 tu hulazimika kuteleza kando takribani mita 1.75 katika kila kilomita linayokwenda. Likikosea kwa nusu digrii, inakuwa karibu mita 8.7 kwa kilomita. Mtu anayetoka Kangundo Road kwenda mjini na kurudi kila siku ataona mara moja kwa nini meno ya upande mmoja humalizika huku ya upande wa pili yangalipo. Kwa hesabu hiyo ninakubaliana na Teksi kwamba, ikiwa matairi bado yana maisha, kungoja ni hasara.

Swali la pili ni kama tairi lililoisha linaharibu vipimo. Tairi jipya la gari dogo huwa na meno ya milimita 8 hivi, na vile vinundu alivyovitaja Msafiri vimewekwa kwenye milimita 1.6 kutoka chini ya mfereji. Tuchukulie kwamba upande mmoja una tairi jipya na upande wa pili tairi lililofika kwenye vinundu. Tofauti ya kimo ni milimita 6 na kidogo, na umbali kati ya magurudumu ya kushoto na ya kulia ni kama mita moja na nusu. Gari litainama kwa takribani robo digrii. Kemba, yaani ule mwinamo wa gurudumu ukilitazama kwa mbele, huruhusiwa kutofautiana kidogo tu baina ya pande mbili, hivyo robo digrii si kitu cha kupuuzwa. Matairi yakiwa yameisha kwa kiasi kimoja kushoto na kulia, tofauti hiyo haipo, na hoja ya duka kwamba alaimenti ni pesa za bure inapoteza nguvu.

Vinundu vya Msafiri vimekwisha kulingana na uso wa tairi, hata kama ni upande wa ndani tu. Hayo si matairi ya kuokolewa tena. Kwake yeye, kulipia alaimenti sasa ni kuilipia mara mbili.

Bi Mkubwa wa Forester

Ndugu Teksi, kwa heshima zote, hapo pa kufunga matairi ya mtumba nyuma sikubaliani nawe. Gari likipoteza mshiko mbele, dereva huhisi usukani umekuwa mwepesi na anaweza kupunguza mwendo. Likipoteza mshiko nyuma, mkia huzunguka kabla hujajua kinachotokea, hasa juu ya maji ya Mombasa Road wakati wa mvua. Ndiyo sababu watengenezaji kama Michelin hushauri kwamba ukinunua mawili tu, mapya yafungwe nyuma, hata kwa gari linalovuta kwa mbele, yaani ambalo injini huzungusha magurudumu ya mbele tu. Najua mafundi wengi wa hapa mjini hufunga mbele bila hata kuuliza.

Kwa wenye Subaru na magari mengine yanayovuta magurudumu yote manne wakati wote, njia ya mawili haipo kabisa, labda yale mengine yawe karibu mapya. Subaru huruhusu tofauti ya robo inchi tu katika mzingo wa matairi, na robo inchi ya mzingo ni sawa na milimita moja tu ya meno. Ukizidisha hapo, gia inayogawa nguvu mbele na nyuma hufanya kazi bila kupumzika, na ukarabati wake unazidi mbali bei ya matairi. Mimi hununua manne, nikafanya alaimenti siku hiyohiyo, na kuyabadilishana mahali mbele na nyuma kabla meno hayajatofautiana.

Msafiri wa Kangundo Road

Nashukuruni nyote. Nimeinua gari kwa jeki pamoja na jirani yangu. Tairodi hazichezi, boli joini ziko imara, lakini bushi ya nyuma ya mkono wa chini upande wa kushoto imepasuka hadi chuma kinaonekana. Fielder yangu inavuta kwa mbele tu, kwa hiyo ninaelekea kununua matairi mawili. Je, nifunge mapya wapi, na nitajuaje kwamba alaimenti imefanywa ipasavyo?

Fundi wa Grogan

Bushi hiyo inaweza kuwa ndiyo iliyokula tairi la kushoto, kwa hiyo itangulie. Badilisha ya kulia pia, maana zimetembea umbali mmoja. Boli za bushi zikazwe gari likiwa limekanyaga chini kwa uzito wake. Zikikazwa magurudumu yakining’inia, mpira hubaki umejipinda na utapasuka mapema.

Kuhusu mahali pa kufunga, Bi Mkubwa yuko sahihi: mapya nyuma, na yale ya nusu yaje mbele. Kwa kuwa yameisha sawasawa, hayatadanganya alaimenti, na hapo umepata faida ya njia zote mbili bila kununua manne.

Kwenye mashine, omba karatasi yenye vipimo vya kabla na vya baada. Katika Fielder, kinachorekebishwa kwa kawaida ni tou ya mbele, yaani mwelekeo wa ncha za magurudumu, na hufanywa kwenye tairodi. Kemba haina mahali pake pa kuirekebishia, isipokuwa kwa kubadilisha boli za shokomzoba. Nyuma kuna mhimili mmoja usiorekebishwa, kwa hiyo usilipie marekebisho ya nyuma, lakini hakikisha umepimwa, kwa sababu mhimili ulioumia kwenye shimo hufanya gari litembee kimshazari hata mbele pakiwa safi. Usukani ufungwe ukiwa katikati kabla tairodi hazijaguswa.

Ukitoka kulijaribu, tafuta mahali tambarare. Sisi tunaendesha kushoto na barabara nyingi huteremka kushoto ili maji yatoke, kwa hiyo kuvuta kidogo upande huo si kosa la fundi. Likivuta sana, badilishaneni matairi ya mbele, la kushoto liende kulia na la kulia lije kushoto, mradi ubavuni hakuna mshale wa kuonyesha mzunguko. Mvuto ukihama upande, kasoro iko kwenye tairi. Ukibaki ulipo, rudisha gari kwenye mashine ukiwa na karatasi yako mkononi.