MREJESHO: Kutu kwenye kabini ya Hilux ya zamani

Wakuu, salaam kutoka Mwanza. Niliuliza kuhusu pikapu yangu iliyooza sakafu ya kabini na chini ya milango. Wengine mkasema jaza puti (lipu ya kuziba mashimo ya bodi), wengine kata bati bovu. Nimekata.

Fundi bodi wa huku Nyakato aling'oa viti na kapeti, akasaga kutu kwa grenda hadi kwenye bati zima, akaweka bati jipya la milimita 1. Alichomelea nukta nukta, akirukaruka, joto lisije likalipinda.

Aliyesema "tafuta maji yanakoingilia kwanza", shikamoo mkuu! Raba ya kioo cha mbele ilikuwa imekufa, maji yanashuka hadi chini ya kapeti. Matundu ya kutolea maji chini ya milango nayo yalikuwa yamezibwa na udongo. Tumebadili raba, tumezibua, tumepiga praima ya zinki (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu) ndani na nje. Mvua zimepita, sakafu kavu.

Dawa ya kugeuza kutu imesaidia palipokuwa na kutu ya juujuu tu. Ila kona ya mlango wa dereva, tuliyoijaza puti kubana bajeti, rangi imeshavimba. Itakatwa hela ya sangara ikiingia. Asanteni sana.