Mjadala: Misuli ya shingo ipimwe kwa altrasaundi kabla ya upasuaji, na mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya mazoezi) aruhusiwe kuipima

Wakuu, hili tulijadili bila kuoneana haya. Mgonjwa anayepasuliwa shingo hapa Dar anaingia thieta na MRI, picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, inayoonyesha mishipa ya fahamu imebanwa wapi. Bila hiyo daktari hapasui, na ni sawa. Ila kuhusu misuli inayoshikilia kichwa, ripoti mara nyingi haisemi kitu. Upasuaji ukipitia nyuma ya shingo, misuli hiyohiyo ndiyo inayobanduliwa kwenye mfupa ili daktari azifikie pingili, yaani mifupa ya uti wa mgongo. Mgonjwa anaruhusiwa, vidole vinafanya kazi tena, halafu anarudi analalamika: shingo inachoka, kichwa kizito, daladala ya Gongo la Mboto kwenda Kariakoo imekuwa mateso. Anaambiwa afanye mazoezi. Ya msuli upi? Hatukupima.

MRI ya pili wengi hawaimudu, na palipofungwa skrubu chuma kinavuruga picha. Altrasaundi ni nafuu, haina mionzi, inafanyika hapohapo kitandani. Unapaka jeli, unapapasa kinundu cha kwanza chini ya fuvu, ambacho ni cha pingili ya 2, unashuka ukihesabu hadi ya 4 au ya 5. Multifidasi, msuli wa ndani unaoshikilia pingili, utaikuta imelala juu ya mfupa. Mwambie asukume kichwa nyuma taratibu dhidi ya kiganja chako: msuli unatuna kwenye skrini, naye anauona kwa macho yake. Ulioingiwa na mafuta unaonekana mweupe kuliko kawaida.

Wenzetu wa radiolojia, idara ya vipimo vya picha, wanapinga kwamba kipimo hiki kinategemea mkono wa mpimaji. Ni kweli. Ukikandamiza kifaa, msuli unabonyea na unene unasomeka mdogo. Tena aliyeondolewa kinundu cha pingili, alama ya kuhesabia imeondoka nacho. Kwa sababu hiyo nasisitiza kipimo cha kwanza kifanyike kabla ya kisu, na mahali kilipochukuliwa paandikwe kwenye faili. Majeruhi wa bodaboda anayeshukiwa kuvunjika shingo simhesabu humu kabisa. Huyo haambiwi asukume chochote.

Sasa, nani ashike mashine? Foleni ya radiolojia ina wajawazito, ina matumbo, ina wenye uvimbe. Msuli wa shingo utasubiri mpaka lini? Uingereza wataalamu wa fiziotherapia hufundishwa altrasaundi na huitumia kazini. Sisemi wasome uti wa mgongo wala watafute uvimbe. Wapime msuli tu, baada ya mafunzo yanayosimamiwa na hao hao wa radiolojia.

Madaktari wa upasuaji mlio humu, nawauliza ninyi kwanza: mkijua kabla kwamba misuli ya mgonjwa imeshakonda, mtajitahidi zaidi kuiacha imeshikamana kwenye pingili ya 2 na ya 7, au mpango wenu unabaki uleule?