Mrejesho: Mjamzito aliyeomba kutolewa zamu ya usiku

Habari zenu wakuu. Nilileta hapa suala la dada anayekanda unga kwenye tanuri letu la mikate, Ngamiani, Tanga: mjamzito, zamu ya usiku, akaomba ahamie mchana. Nawashukuru nyote, hata yule aliyenijibu kwa ukali.

Nilifuata ushauri wa kusoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Kumbe kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi mjamzito hapangiwi kazi ikibaki miezi miwili ajifungue, na hata mapema zaidi akiwa na cheti cha daktari. Cheti alileta, tukaandikiana: anaingia saa 1 asubuhi, anafungasha boflo na kupokea oda, mshahara wa msingi haukuguswa. Posho ya usiku ndiyo imeondoka. Alinuna kidogo, nikamwongezea nauli.

Ule ushauri wa wenzake kupokezana zamu yake haukufaa. Kila mtu ana udhuru, unga unaumuka mpaka unafurika beseni, na duka moja la Chumbageni likahamia kwa mwoka mikate mwingine, halijarudi. Nimechukua kibarua wa usiku. Mkono bado mzito, ila mikate inatoka kabla ya adhana ya alfajiri.

Likizo yake ya siku 84 nimeshaiandika kwenye kalenda ya ukutani. Akirudi, ana haki ya hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha, kwa hiyo kibarua tunaendelea naye.