Kompyuta inavuma ndani ya rekodi za kaswida, nifanyeje?

MajiYaKilindini
Asalaam aleikum wadau. Chumba cha kurekodia kiko Kisauni, mita 3 kwa 3.5, kuta za mawe, dari ya zege. Kompyuta ni ile ndogo ya ofisi, imeshatumika, ina hadi-diski ya kuzunguka ya GB 500, na imekaa meza moja na maiki. Maiki ni kondensa ya kadioidi (inayosikia zaidi mbele yake), inaingia kwenye kadi ya sauti ya USB. Feni ya dari huzimwa na dirisha hufungwa, lakini kila waimbaji wakivuta pumzi nasikia "vuuu", na kipindi kikirefuka mvumo unapanda. Kuna anayeniambia nibandike trei za mayai ukutani. Zitafaa? Mashine mpya siwezi kwa sasa.

FundiTudor
Waaleikum salaam. Trei za mayai waachie wenye kuku. Hupunguza kidogo mwangwi wa sauti nyembamba, basi. Mvumo wa feni haziuzuii.

Kwanza jua kelele inaingilia wapi. Rekodi sekunde 30 za kimya, kila kitu kikiwa kama kawaida. Kisha zima volti 48 (umeme ambao kadi hulisha maiki ya kondensa), chomoa maiki, rekodi tena 30 bila kugusa geini (kitufe cha kukuza sauti ya maiki). Mvumo ukitoweka, basi unapita hewani. Ukibaki, ni umeme: mngurumo wa Hz 50 au 100, au mlio mwembamba unaobadilika ukisogeza mausi. Hapo chomeka kompyuta, kadi na spika kwenye ekstensheni moja yenye ethi (waya wa ardhini), na spika ziunge kwa waya za balansi (zenye nyaya mbili za sauti zinazofuta kelele ya umeme). Usikate pini ya ethi hata ukiona mngurumo unapotea. Pini hiyo ndiyo inayokukinga kasha la chuma likipata umeme.

Kwako nadhani ni hewa, kwa sababu unapanda kadiri joto linavyozidi.

BintiMzizima
Kabla ya kushika bisibisi, shusha kompyuta. Meza moja na maiki ni makosa mawili: ukaribu, na mtikisiko wa hadi-diski unaopita kwenye mbao hadi kwenye stendi. Iweke sakafuni juu ya kipande cha sponji ngumu, pembe ya mbali kabisa, matundu ya hewa yakiwa wazi. Kila umbali ukiongezeka mara mbili kelele inayokuja moja kwa moja hupungua desibeli 6, ingawa chumba kidogo cha mawe hakitakupa zote hizo kwa sababu kuta zinairudisha.

Kadioidi haisikii vizuri nyuma yake, kwa hiyo mgongo wa maiki ndio uitazame kompyuta. Mwimbaji naye huwa ana ukuta nyuma, na ukuta huo hurudisha mvumo usoni pa maiki. Tundika blanketi zito mgongoni mwake, la mitumba ya Kongowea linatosha, likiwa sentimita 10 mbali na ukuta. Halafu msogeze mwimbaji: kutoka sentimita 40 hadi 20 unapata karibu desibeli 6 za sauti yake, unashusha geini, na mvumo unashuka nayo. Weka kichujio cha pumzi.

FundiTudor
Naam. Sasa mashine yenyewe. Pwani hii vumbi likichanganyika na unyevu wa chumvi hugeuka utando unaoziba mapezi ya hitisinki (chuma kinachopoza prosesa). Zima, chomoa waya, bonyeza swichi sekunde 10, fungua. Safisha kwa brashi laini ya rangi na blowa, lakini shika panga za feni kwa kidole. Blowa ikizizungusha ovyo inaua beringi. Grisi ya prosesa ikiwa imekauka, ifute kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya mbaazi.

Feni ikikwaruza, beringi imekauka. Tone moja la mafuta ya cherehani chini ya stika linaisogeza wiki kadhaa (si mafuta ya nazi, tafadhali), kisha badilisha. Angalia plagi kabla ya kununua, kwani mashine za ofisi za Dell na HP mara nyingi zina plagi zao wenyewe, na feni ya kawaida ikiingizwa kompyuta hulalamika kila inapowaka. Mahali pa hadi-diski weka SSD, diski ya chipu, haina kinachozunguka.

Sasa mpangilio. Kwenye Windows, ndani ya mipangilio ya juu ya umeme, shusha kiwango cha juu cha prosesa kutoka 100% hadi 99%. Kwa prosesa nyingi za Intel hiyo huzima ile kasi ya ziada, joto linashuka, feni inatulia. Wakati wa kuchanganya sauti rudisha 100. BIOS yako (mipangilio ya msingi inayofunguliwa kompyuta ikiwaka) ikiruhusu, feni ibaki 35% ya kasi yake hadi prosesa ifike nyuzi 60, ndipo ianze kupanda. Kasi ikipungua nusu, kelele hushuka karibu desibeli 15. Ila pima upya kaskazi ikiingia: mpangilio uliofaa wakati wa kusi, mwezi wa Julai, huenda ukazidiwa Februari.

MajiYaKilindini
Shukran. Maiki ikichomolewa ni kimya kabisa, kwa hiyo ni hewa. Je, nikiitengenezea kompyuta kabati la plaiwudi lenye sponji ndani?

BintiMzizima
La kufungwa kabisa, hapana. Chumba kikiwa nyuzi 31, ndani ya kabati joto litapanda, feni itakimbia zaidi, na mwisho prosesa itajipunguzia kasi na rekodi kukatika. Kama unataka kuitenga, mtoe mwimbaji. Waya wa XLR (ule wa maiki) wa mita 10 au 15 hauharibu sauti, ilhali USB 2.0 haitakiwi kupita mita 5. Kompyuta ibaki hapo, maiki iende chumba cha pili, waya upite chini ya mlango, na nafasi iliyobaki uizibe kwa taulo. Headfoni nayo itataka ekstensheni.

Mkwajuni88
Kwa mabaki: rekodi sekunde 10 za kimya mwanzoni mwa kila kipindi, kisha upunguze mvumo kwenye Audacity (programu ya kuhariri sauti) desibeli 6 hadi 10 tu. Ukivuta 20 sauti inakuwa kama inatoka ndani ya mtungi. Ndiyo maana bora feni iwe na kasi moja. Mvumo unaopanda na kushuka haulingani na sampuli uliyoipa programu. Geti (inayonyamazisha sauti ikishuka chini ya kiwango fulani) usiweke kwenye kaswida, inakata mikia ya madi (sauti zinazovutwa) na mlio wa dufu. Kata chini ya Hz 80 kwenye sauti za watu, dufu liache.