Tupeane uzoefu: kusoma riwaya polepole huku unafuatilia podikasti

Mleta mada (Ujiji)

Habari zenu wadau. Kwa muda sasa nasoma *Peponi* ya Abdulrazak Gurnah, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Kwa Kiingereza ilitoka 1994. Ina sura sita ndefu, kwa hiyo nasoma sura moja, natafuta podikasti inayoijadili, nikishasikiliza narudi kwenye sura ileile na penseli mkononi.

Mfano mmoja. Kwenye kipindi fulani mzungumzaji aling'ang'ania harufu ya Aziz, yule tajiri anayekuja kumchukua Yusuf, mtoto ambaye ndiye mhusika mkuu: ngozi, manukato, viungo. Nikarudi kurasa za mwanzo, nikaona hatari imemfikia mtoto kupitia pua kabla hajajua kwamba anawekwa rehani kwa deni la baba yake. Tangu hapo Aziz akitokea napunguza mwendo.

Nyie mnafanyaje? Mnasikiliza kabla ya kusoma au baada?

Mdau wa Kibirizi

Asante kaka kwa mada. Mimi ni wa dagaa. Kipindi cha giza mitumbwi inatoka na taa usiku, asubuhi ni kuanika na kugeuza, mikono imelowa maji ya samaki na kitabu hakishikiki. Hapo ndipo nasikiliza, simu mfukoni, sikio moja liko kwa wateja. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanapumzika, nami ndiyo nasoma. Usomaji wangu unakwenda na mwezi, siwezi kukimbia hata nikitaka.

Kipindi kimoja nakirudia. Mara ya kwanza nasikia tu wanachosema, mara ya pili naanza kubishana nao. Walimlaumu sana Khalil, kijana wa duka la Aziz, kuwa mkali kwa Yusuf pale dukani. Sikukubali. Khalil naye kaletwa pale kwa deni la baba yake. Akimkatalia Yusuf kila mara asijifanye ndugu wa Aziz, anamkinga na maumivu atakayoyapata akija kugundua mwenyewe. Wasingemlaumu, nisingerudi kuzisoma tena kurasa zile za dukani, na ndizo ninazozipenda kuliko zote.

Mdau wa Urambo

Mkuu, mimi nasikiliza kabla. Nakala yangu ni ya Kiingereza na lugha yake inanipa shida, kwa hiyo nataka nijue nani ni nani kwanza. Msimu wa kukausha tumbaku tunakesha banini kuangalia moto, usiku ni mrefu, podikasti inafaa.

Mtandao wa huku ukiwa hivi hivi, pakua ukiwa mjini. Saa moja ya sauti kwa kilobiti 128 kwa sekunde ni kama MB 58. Chagua kilobiti 64, ukubwa unashuka nusu, na kwa watu wanaozungumza tu hakuna utakachokosa.

Ila jueni wazungumzaji wengi hawana subira, mapema tu wanataja anachofanya Yusuf mwishoni. Mimi nilishaujua mwisho, na safari nzima nikawa natafuta uamuzi ule unaanzia wapi.

Mleta mada

Ndugu yangu wa Urambo, hapo kwenye kupakua nimekuelewa, asante. Kusikiliza kwanza bado nakataa. Mtu akishakuonyesha cha kutazama, vingine vyote vinakupita. Na tafadhalini wote, mwisho tusiutaje hapa.

Mwalimu mstaafu (Tabora mjini)

Salaam wanangu. Sisi tuko wazee watano na vijana wawili, tunasoma kwa sauti, kila mtu aya yake. Vipindi tulivyopata ni vya Kiingereza, kijana anasimamisha na kutueleza.

Tulipofika kwenye safari ya bara, ule msafara wa biashara wa Aziz, wazungumzaji walitumia muda mwingi kwa Wajerumani. Ni sawa, Wajerumani wamo. Lakini bara wanayoizungumzia wao kama mahali pa mbali ndiyo kwetu. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilipita hapa kwenda Ujiji, na wapagazi Wanyamwezi walibeba pembe hadi pwani. Babu zetu wamo kwenye sura hiyo, chini ya mizigo. Tukawa tunasoma jinsi wafanyabiashara wa pwani wanavyowasema watu wa bara, na baraza likanyamaza.

Halafu akaja Chatu, yule mtawala wa ng'ambo ya ziwa anayewanyang'anya bidhaa. Kwenye kipindi walimwita mkatili, wakaendelea. Mzee mmoja akasema simamisheni hiyo simu. Tukafungua kitabu, tukasoma malalamiko ya Chatu neno kwa neno: wafanyabiashara waliotangulia walimdhulumu, na yeye anajilipa kwa mali ya hawa waliofuata. Wengine wakasema anadai haki. Wengine wakasema unamlipizaje mtu kosa la mwenzake, na wapagazi waliopigwa usiku ule walikuwa na kosa gani? Tulibishana hadi adhana ya magharibi. Kijana alirekodi yote, na kwangu rekodi ile inazidi kipindi tulichoanza nacho, kwa sababu wanaozungumza wana kitu chao ndani ya hadithi.

Podikasti hatukuiacha. Bila neno lile "mkatili" tusingesimama hapo.

Mdau wa Kasulu

Shikamoo mwalimu. Naiomba hiyo rekodi ya Chatu. Nimeishia pale msafara unapojiandaa kuvuka ziwa na sijafungua kipindi chochote. Itume tu, nitaisikiliza nikishaimaliza sura.