Mdogo wangu anataka tuuze kiwanja awe mwendesha pikipiki wa mashindano, nishaurini

MamaD_Njiro
Habari za jioni wakuu. Nipo Arusha. Mdogo wangu wa mwisho ana miaka 19, yupo kijiwe cha bodaboda Kijenge na Boxer ya mkataba. Wazazi hawapo, maamuzi yananiangukia mimi. Jumapili anashinda kibanda cha mpira akimbembeleza mwenye kibanda aweke MotoGP, zile mbio kubwa za pikipiki za dunia, wenzake wanamzomea. Sasa kaja na hoja: tuuze kiwanja cha Kisongo, anunue pikipiki ya cc 600 ajifue, baada ya miaka mitatu "atatoka". Anadai hata wale wa kwenye TV walianza mtaani. Kweli wanaanzaje? Nani anawalipa? Msinicheke.

Kapuku_Sakina
Usiuze dada. Akishika cc 600 ataishia kufukuzana na kosta za Moshi.

FundiPasua
Shikamoo dada. Mimi fundi pikipiki hapa Moshi, nimefungua injini za watu wa motokrosi, mbio za vumbi na matuta, nimeona hela inapopotelea.

Hilo la kuanza mtaani limtoke kichwani. Mbio za lami zinaanzwa na watoto. Brad Binder wa Potchefstroom, Afrika Kusini, kazaliwa Agosti 1995, na 2009 tayari alikuwa Red Bull Rookies Cup, ligi ya vijana ambako waandaaji ndio wanaotoa pikipiki. Mbio za dunia kaingia 2011. Ushindi wa kwanza mpaka 2016, Jerez kule Hispania, na hiyo mbio dogo aitafute aiangalie: Binder aliadhibiwa akaanzishwa wa mwisho kabisa, nafasi ya 35, akawala wote. Mwaka huohuo akawa bingwa wa Moto3, daraja la chini la mbio hizohizo. MotoGP kashinda 2020 kule Brno, siku mbili kabla hajatimiza miaka 25. Sasa huyu wetu ana 19 na hajawahi kugusa uwanja wa mbio.

Malipo: MotoGP wanaanza msimu kama 22 hivi dunia nzima. Hao wanalipwa. Huko chini wapo wanaopewa kiti kwa sababu wamekuja na mdhamini mfukoni. Miaka ya mwanzo, dada, mwajiri ni mzazi.

Na hiyo cc 600 ajifue nayo wapi, barabara ya Himo? Uwanja wa lami wa ngazi hiyo hatuna. Kama ana nia kweli, aanzie kwenye vumbi, motokrosi iliyotumika. Ila ajue injini zile huduma yake inahesabiwa kwa saa, si kilomita, na pistoni inabadilishwa kama plagi ya Boxer. Anayenung'unikia bei ya klachi atalia.

Mtu wa kumwangalia si Rossi, yule bingwa wa MotoGP. Ni Ross Branch wa Botswana. Rubani wa ndege huyo, alikuwa na kazi yake. Dakar, zile mbio ndefu za jangwani, ya kwanza kakimbia 2019 akiwa kavuka miaka 30. 2024 kamaliza wa pili, na mwaka huohuo akawa bingwa wa dunia wa rally-raid, yaani mbio za aina hiyo, akiwa na pikipiki ya Hero, kampuni ya Wahindi. Kule jangwani umri si mkosi, maana unasoma ramani, unatunza tairi, unatumia akili. Kiwanja kibaki, amalize mkataba wa Boxer kwanza.

Nesi_Majengo
Nipo wodi ya mifupa, sitaki kutisha mtu. Marc Márquez, bingwa wa MotoGP, alivunjika mkono wa kulia Jerez 2020, akafanyiwa upasuaji mara nne, ubingwa mwingine kaupata 2025. Huyo ana timu nzima ya madaktari. Mdogo wako hata bima hana, au anayo?

MamaD_Njiro
Hana. Marahaba fundi, asanteni wote. Nimemsomea, kanuna, ila jina la Branch kaliandika kwenye simu. Kashaanza jingine: helmeti na buti za mtumba akizipata soko la Kilombero achukue?

FundiPasua
Buti achukue, akague soli na vifungo. Helmeti ya mtumba hapana. Ikishapigwa mara moja ile foma ya ndani imekufa, hata kama nje inang'aa. Apunguze mafuta ya kuzungukia wiki mbili tatu, anunue mpya.

Kapuku_Sakina
Na abebe abiria mmoja mmoja, mishikaki hapana.