Simpleksi tunakaririshwa kama shairi, halafu zaidi ya nusu ya darasa tunakamata sapu!

Wakuu, nimelibeba hili tangu matokeo yabandikwe na leo limenifika kooni.

Nipo mwaka wa pili, nasoma ugavi. Muhula uliopita tulikuwa na somo la utafiti wa operesheni, ndani yake linia programingi (kutafuta faida kubwa au gharama ndogo kabisa kwa rasilimali zenye kikomo) na njia ya simpleksi, yaani hatua za kulipata jibu hilo kwa majedwali. Zaidi ya nusu ya darasa tumekamata sapu, yaani tumefeli na tunarudia mtihani. Mhadhiri ametuandikia neno moja kwenye grupu la WhatsApp: "Hamsomi." Sisi hatusomi? Wiki mbili tumekesha kwenye vimbweta mpaka walinzi wakatuzoea kwa majina!

Ngoja niwaeleze tulivyofundishwa. Saa mbili za slaidi, majedwali mwanzo mwisho. "Tafuta hasi iliyo kubwa kuliko zote mstari wa chini, hiyo ndiyo safu ya pivoti. Gawa namba za kulia kwa namba za safu hiyo. Chukua jibu dogo. Zungushia duara. Rudia mpaka hasi ziishe." Basi. Dada mmoja akanyoosha mkono: "Samahani mwalimu, kwa nini tunachukua lile dogo?" Akajibiwa: "Hiyo ndiyo kanuni. Kwenye mtihani hutaulizwa kwa nini." Dada wa watu akakaa, na sikumsikia akiuliza tena mpaka muhula unaisha.

Swali lake ndilo lilikuwa somo lenyewe! Mimi nimekuja kulielewa baada ya kufeli, nimekaa kwenye karakana ya mjomba wangu Keko na kalamu mkononi.

Chukua fundi wa meza na viti. Meza moja inakula mbao 4 na saa 2, faida yake 30,000. Kiti kinakula mbao 2 na saa 3 maana mgongo wake unachongwa, faida 20,000. Wiki hii ana mbao 80 na saa 60. Mwanzo hajatengeneza kitu, mbao zote zipo stoo na saa zote zipo mkononi. Hilo ndilo jedwali la kwanza, halina siri nyingine yoyote. Vile vigeu vya slaki tulivyoambiwa tu "ongeza" ni mbao na saa zilizobaki!

Meza ina faida zaidi, anaanza nayo. Mbao zinatosha meza 20, yaani 80 gawa kwa 4. Saa zinatosha meza 30. Kwa nini achukue 20? Kwa sababu akisema 30 atahitaji mbao 120 na stoo zipo 80. Atabaki na mbao hasi 40, na mbao hasi hazipo Keko wala popote duniani. Maelezo haya yanachukua nusu dakika. Yule dada alinyimwa nusu dakika.

Twende mbele. Ametengeneza meza 20, mbao zimekwisha, saa 20 zimebaki bure, faida 600,000. Sasa akitaka kiti kimoja lazima aachie mbao 2, maana yake nusu meza. Anapata 20,000 ya kiti, anapoteza 15,000 ya nusu meza, anabaki na 5,000 juu. Ile hasi 5,000 inayojitokeza mstari wa chini kwenye jedwali la pili ndiyo hiyo, maana faida ambayo bado hujaichukua huandikwa pale kwa alama ya hasi! Na saa je? Kiti kinataka saa 3, nusu meza inarudisha saa 1, kwa hiyo kila kiti kinamla saa 2. Saa 20 zinatoa viti 10. Meza zinashuka hadi 15, faida inapanda hadi 650,000, hasi hakuna tena. Mwisho wa hesabu.

Na hapo ndipo nilipotaka kulia. Kidato cha nne wote tulichora grafu za hivi, tukapima pembe moja baada ya nyingine. Hatua hizi tatu, (0, 0), kisha (20, 0), kisha (15, 10), ni pembe zilezile za grafu! Simpleksi inatembea kutoka pembe hadi pembe jirani yenye faida zaidi, na inasimama ikikosa jirani bora. Muhula mzima hakuna aliyetuunganishia haya mawili. Tulidhani ni somo jipya kabisa.

Jedwali la mwisho nalo lina namba mbili chini ya zile slaki: 6,250 na 2,500. Sisi tulifundishwa kuzipita tu. Kumbe ndizo zinazomwambia fundi kwamba ubao mmoja wa ziada unamwongezea faida ya 6,250 na saa moja ya ziada 2,500. Mtu wa ugavi anahitaji kujua hilo kuliko kitu chochote. Ndiyo kazi tunayosomea!

Mtihani ndio usiseme. Ukaja na vigeu vitatu na masharti ya "si pungufu ya", yale yanayotaka mbinu iitwayo M kubwa, ambayo tulipitishwa wiki ya mwisho kwa slaidi moja. Yote kwa mkono, sehemu juu ya sehemu. Na usahihishaji wenyewe tuliuona kwenye testi: niligeuza 2/3 nikaandika 3/2 kwenye jedwali la pili, hatua zote zilizofuata nikazifanya sawasawa kwa namba hiyo. Nikapewa 2 kati ya 20.

Mwanahisabati Mmarekani George Dantzig aliitunga njia hii ya simpleksi mwaka 1947 akiwa na jeshi la anga la Marekani, kwa ajili ya mipango ya mafunzo na ugavi. Ugavi! Mwaka huohuo wakaijaribu kwenye hesabu ya lishe, vyakula 77 na virutubisho 9, watafute mlo wa bei ya chini kabisa. Makarani 9 waliketi na mashine za kukokotoa za mkono, na ukijumlisha siku za kila mmoja zilifika 120. Kugawa na kujumlisha kulikuwa kazi ya makarani tangu mwanzo, na leo kompyuta inamaliza hesabu ile kabla hujapepesa jicho. Sasa kwa nini sisi tupimwe ukarani tu, na atakayeuliza maana anyamazishwe?

Tafadhali asije mtu hapa na "hata sisi tulisoma hivyohivyo". Ndiyo maana mnatusaidia kukariri badala ya kutuelewesha.

Wenye chuo, tunachotaka ni kidogo. Kipindi kimoja cha marudio na mtu anayejibu "kwa nini", alama za hatua zitolewe, na tuonyeshwe karatasi zetu. Barua ya kuomba kuona yangu nimeipeleka idarani mara mbili. Mara ya kwanza niliambiwa imepotea. Ya pili nimegongesha muhuri wa kupokelewa na nakala ninayo, sapu ni wiki tatu kutoka leo, na bado sijajibiwa.